Barua ya wazi kwa mnaokaa kwenye meza ya madeni ya dunia

Kwa: Mawaziri wa fedha, magavana wa benki kuu na wakurugenzi watendaji wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) na Benki ya Dunia

Yah: Kura zenu

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, mwaka wa pili, nasomea takwimu. Sina kadi ya chama chochote na sijatumwa na mtu.

Hotuba zenu siku hizi hazikosi aya ya vijana. Mnasema tuna nguvu, tuna ubunifu, tuna moyo wa kujitolea. Mnatuandalia makongamano, mnatuvika vitambulisho shingoni, mnatupa dakika tatu za kuzungumza kabla ya chakula cha mchana. Tukishapiga picha ya pamoja mnaingia ukumbi mwingine, mlango unafungwa, na huko ndiko mambo yanakoamuliwa. Barua hii inahusu ukumbi ule wa pili. Tunataka kujua nchi gani ilisema nini humo ndani na ilikubali au kukataa nini, na tujue mapema, wakati bado kuna cha kubadilisha.

Mtauliza mtoto wa takwimu ameingiaje kwenye siasa za umaskini. Niliingilia mlango wa hesabu. Mwezi Juni 2025 Benki ya Dunia ilipandisha mstari wa umaskini uliokithiri kutoka dola 2.15 hadi dola 3 kwa mtu kwa siku, na kwa mabadiliko hayo watu zaidi ya milioni 100 wakaongezeka kwenye hesabu ya mafukara. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amepoteza shamba au kazi usiku ule. Kilichobadilika ni takwimu mpya za bei, pamoja na mistari ambayo nchi zenye kipato cha chini zimejiwekea zenyewe. Wenzangu kadhaa darasani walidhani dola 3 hizo ni zile unazopewa kwenye duka la kubadilisha fedha. Sizo. Ni thamani ya vile ambavyo dola 3 zingenunua Marekani kwa bei za mwaka 2021. Maana yake mtu aliye chini ya mstari anakula, anavaa, analala, anajitibu na kulea watoto kwa kiasi ambacho mkazi wa New York angekimaliza kwa kikombe cha kahawa, tena asipate chenji ya maana. Watu takriban milioni 800 wanaishi hivyo leo.

Sitaki kuwaonea. Tangu 1990 watu zaidi ya bilioni moja wametoka kwenye ufukara wa aina hiyo, na anayesema hakuna kilichofanyika hajasoma majedwali. Ila majedwali hayohayo yanaonyesha kwamba sehemu kubwa ya safari hiyo ilitembewa na China na nchi nyingine za Asia, na kwamba sasa mafukara wengi wako Afrika kusini mwa Sahara, ambako kasi imepungua mno. Lengo mlilolitia saini nyote mwaka 2015, la kumaliza ufukara ifikapo 2030, halitafikiwa. Hilo mmelikiri wenyewe katika ripoti zenu, kwa lugha ya upole sana.

Nilipoanza kuuliza kwa nini kasi imepungua nilikutana na vita, ukame, UVIKO, na viongozi wabovu. Hayo yote ni kweli. Lakini kuna safu moja ya bajeti ambayo ilinikaa kichwani: riba. Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba watu zaidi ya bilioni 3 wanaishi katika nchi ambazo serikali zake hulipa riba nyingi kuliko zinavyotumia kwa afya au kwa elimu. Ukishaiona safu ile, huwezi tena kuzungumzia zahanati isiyo na dawa kana kwamba ni bahati mbaya. Nadhani hapo ndipo mwanafunzi anapogeuka kuwa mwanaharakati. Wengi mnadhani tunachochewa na hotuba za mitaani. Mimi nilichochewa na majedwali yenu.

Najua methali mtakayonijibu nayo: dawa ya deni kulipa. Nimelelewa nayo na naiheshimu. Basi naomba tuitazame kesi moja kwa karibu, kwa sababu ndani yake yumo mdaiwa, wamo wadai, na imo mahakama.

Mwaka 1979 Romania iliikopesha Zambia dola milioni 15 kwa ajili ya mashine za kilimo. Zambia ikashindwa kulipa, riba ikapanda juu ya riba, na miaka ishirini baadaye deni likawa takriban mara mbili ya mkopo. Nchi hizo mbili zikiwa bado kwenye mazungumzo ya kulimaliza, ikatokea kampuni moja iliyosajiliwa Visiwa vya Virgin vya Uingereza, Donegal International, ikalinunua deni hilo kutoka Romania kwa dola zaidi kidogo ya milioni 3. Kisha ikaenda Mahakama Kuu ya London kudai dola zipatazo milioni 55. Mwaka 2007 mahakama ikaamuru ilipwe zaidi ya milioni 15. Jaji alikuwa na maneno makali kwa baadhi ya mashahidi wa kampuni, lakini sheria ilikuwa sheria: mwenye karatasi ana haki ya kudai.

Sasa angalieni tarehe. Miaka miwili tu kabla ya hukumu hiyo, yaani 2005, Zambia ilikuwa imemaliza masharti ya mpango wenu wa kuzisamehe nchi maskini zenye madeni makubwa. Deni lake la nje, lililokuwa takriban dola bilioni 7, likashuka hadi chini ya bilioni moja, na mwaka 2006 serikali ikafuta ada za matibabu katika zahanati za vijijini. Serikali za nchi tajiri zilisamehe. Walipakodi wao walibeba sehemu ya hasara. Kampuni moja ikakaa kando, ikawaacha wenzake wote wasamehe, halafu ikajitokeza kudai kutoka katika nafasi ile iliyoachwa na waliosamehe. Hapo nani alilipwa kwa dawa ya nani? Mkopeshaji wa awali alikuwa ameshapata alichopata na kuondoka. Aliyelipwa hakuwahi kununua hata trekta moja.

Lipo jambo la kuwasifu. Mwaka 2010 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria inayozuia mchezo huo kwa nchi zilizo kwenye mpango ule wa msamaha: mdai asiyeshiriki hawezi kupata mahakamani zaidi ya kile ambacho angepata kama angeshiriki. Kwa madeni ambayo sheria hiyo inayagusa, mlango wa Donegal umefungwa. London haikuporomoka, na mikopo haikukauka kama ilivyotabiriwa. Lakini sheria ile inahusu madeni ya zamani tu. Hatifungani, yaani hati za mkopo ambazo serikali huwauzia wawekezaji, zilizouzwa baada ya hapo ziko nje yake, na nyingi kati ya hizo zinaongozwa na sheria ya Uingereza au ya jimbo la New York. Albany, yalipo makao ya bunge la New York, muswada wa kufanana na huo umeletwa zaidi ya mara moja na kukwama kila mara.

Zambia yenyewe ilirudi kwenye shimo. Ilikopa kwa hatifungani mwaka 2012, 2014 na 2015, jumla ya dola bilioni 3, mbali na mikopo mikubwa kutoka China, na Novemba 2020 ikashindwa kulipa. Hapa siwatetei viongozi wa Zambia wa miaka ile. Walikopa kwa pupa, na wakopeshaji nao waliwapa kwa pupa hiyohiyo, kwa riba iliyokuwa tayari na bei ya hatari ndani yake. Ukitoza riba kubwa kwa sababu kuna hatari ya kutolipwa, siku usipolipwa usijifanye umeshtuka. Kilichofuata ndicho kinachoniuma. Nchi iliomba kupangiwa upya madeni chini ya Mpango wa Pamoja wa G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, mwanzoni mwa 2021. Wadai wa kiserikali walikubaliana Juni 2023. Wenye hatifungani wakamaliza katikati ya 2024. Zaidi ya miaka mitatu! Mtoto aliyeanza darasa la kwanza nchi ilipoacha kulipa alikuwa amefika la nne au la tano, na muda wote huo bajeti ya nchi yake ilikuwa ikisubiri watu wakubaliane nani apunguziwe kwanza.

Na hakuna anayeweza kusema kwamba njia nyingine haikupendekezwa. Tarehe 10 Septemba 2015, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipigia kura kanuni tisa za kupanga upya madeni ya nchi. Mojawapo inasema wadai wengi wakishakubaliana, wachache wasiwe na uwezo wa kuwakwamisha wote. Nchi 136 zilisema ndiyo, 41 zikajizuia, 6 zikasema hapana: Marekani, Uingereza, Ujerumani, Japani, Kanada na Israeli. Uamuzi ulipita, lakini haumfungi mtu, na kati ya zile sita zimo nchi ambazo sheria na mahakama zake ndizo zinazohusika zaidi na madeni haya. Wanafunzi wengi ninaowajua hawajawahi kusikia habari za kura hiyo. Mimi mwenyewe nilikutana nayo kwa bahati nikitafuta jambo jingine.

Angalau pale Umoja wa Mataifa kura huhesabiwa na kuandikwa. Mwaka 2023, nchi za Afrika zikiongozwa na Nigeria zilipotaka mkataba wa kodi wa kimataifa, tuliona 125 ndiyo, 48 hapana, 9 zimejizuia, na yeyote anaweza kwenda kutazama nchi yake ilikaa upande gani. Kwenu mambo ni tofauti. Bodi ya IMF mara nyingi haipigi kura rasmi kabisa. Mwenyekiti husoma upepo wa ukumbi na kutangaza makubaliano. Mnaliita jambo hili maridhiano. Lakini upepo huo una mizani yake. Marekani peke yake ina takriban asilimia 16.5 ya kura, na maamuzi makubwa kama kubadili hisa, yaani sehemu ya kila nchi katika mfuko, yanahitaji asilimia 85, kwa hiyo nchi moja inaweza kuzuia dunia nzima bila kunyanyua mkono. Nchi zaidi ya arobaini za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zikibanana kwenye viti viwili kati ya 24 hadi Novemba 2024, zilipoongezewa cha tatu. Kiti kiliongezeka, kura hazikuongezeka.

Matokeo ya mizani hiyo yalionekana Agosti 2021. IMF ilitengeneza akiba mpya yenye thamani ya dola bilioni 650 kusaidia nchi kukabiliana na janga, hatua kubwa kuliko zote za aina hiyo katika historia yake. Ikagawanywa kwa hisa, na bara zima la Afrika likapata kama bilioni 33. Nchi ambazo hazikuwa na shida yoyote ya kukopa zikapokea sehemu kubwa zaidi, kisha zikaahidi kuwakopesha wenye shida baadhi ya kile walichopewa bure. Mtu akisimulia hadithi hiyo baa, wasikilizaji watadhani anatia chumvi.

Nije kwenye yanayotupata sisi. Kwenye chuo kimoja, ambacho sitakitaja, kikundi chetu cha wanafunzi kiliwahi kuchangisha nguo na madaftari kwa ajili ya watoto wasiojiweza. Tulipewa ukumbi bure, na mkuu wa kitengo alikuja kupiga picha nasi. Baadaye tukaomba ukumbi uleule kwa mjadala wa jioni kuhusu deni la nje. Fomu ina kisanduku kilichoandikwa “Lengo la shughuli”. Tukajaza ukweli. Ikarudi imekataliwa kwa sababu shughuli ni ya kisiasa. Mwenzetu mmoja, mtundu, alipendekeza tujaze upya kuwa tutachangishia deni la nje. Tulicheka, lakini hoja yake ilikuwa nzito: tukiwapa watoto madaftari sisi ni vijana wazuri, tukiuliza kwa nini shule yao haina madaftari sisi ni tatizo. Nanyi, waheshimiwa, mnatufanyia vivyo hivyo, ila kwa ustaarabu zaidi na viyoyozi.

Siwaweki wanafunzi kwenye kiti cha malaika. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu mjini Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu wakipinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, hasa lile la kupokea asilimia 40 tu ya mshahara wakiwa humo. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akawarudisha makwao, na papo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Unaweza kubishana kama adhabu ilikuwa kali kupita kiasi, nafikiri ilikuwa. Lakini waandamanaji wale walikuwa wakijipigania wenyewe, na walikutana na kiongozi aliyekuwa tayari kuanza kukata kwake. Nakumbusha habari hii kwa sababu mbili. Sisi wanafunzi tunahitaji kuulizwa tunampigania nani. Na ninyi, katika masharti yote ya kubana matumizi mliyowahi kuandikia nchi za watu, sijaona mahali mlipoanza na kwenu.

Pia mnajua, kuliko mnavyokiri hadharani, kwamba kelele za watu wa kawaida zimewahi kuwasogeza. Tarehe 16 Mei 1998, watu takriban 70,000 walishikana mikono wakauzunguka mji wa Birmingham, Uingereza, wakati wa mkutano wa G8, kundi la mataifa manane makubwa. Walikuwa wazee wa makanisa, wanafunzi, akina mama na watoto wao. Siku hiyo viongozi wenyewe walikuwa wamepelekwa kwenye jumba la shambani nje ya mji, kwa hiyo mnyororo ule uliwazunguka wasiokuwepo. Hata hivyo mwaka uliofuata, huko Cologne, G8 ilitangaza msamaha mpana zaidi, na mwaka 2005 huko Gleneagles ikakubali kufuta madeni ambayo nchi zilizomaliza mpango zilidaiwa na Benki ya Dunia, IMF na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Hadi sasa nchi 37 zimepitia mpango ule. Tanzania ilifuta ada za shule za msingi mwaka 2001, wakati msamaha ulipoanza kuipa nafasi, na watoto wakafurika madarasani hadi walimu wakazidiwa. Kuzidiwa huko lilikuwa tatizo la kweli, na bado naona ni afadhali mara mia kuliko madawati matupu.

Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba uanaharakati ni kupoteza muda wa masomo, nina mfano wangu.

Sasa ninachoomba. Kwa wenye mamlaka London na New York: ipitisheni sheria, ihusu hatifungani za leo, imzuie mdai anayesubiri pembeni kulipwa zaidi ya wale waliokubali hasara. Ya mwaka 2010 ipo, inanakilika. Kwa wakurugenzi watendaji: ndani ya mwezi mmoja baada ya kila kikao kinachoamua mkopo au masharti yake, chapisheni msimamo wa kila kiti, kwa sentensi chache zinazosomeka. Msituambie ni siri za kibiashara. Fedha ni za umma, na wanaofungwa mkanda kwa maamuzi hayo ni umma. Kwa mawaziri wa nchi tajiri: mwaka 1970 Baraza Kuu liliweka lengo la asilimia 0.7 ya pato la taifa kwa misaada ya maendeleo. Mwaka 2024 ni nchi nne tu, Denmark, Luxembourg, Norway na Sweden, zilizovuka hapo miongoni mwa wafadhili wa kamati ya misaada ya OECD, jumuiya ambayo wanachama wake wengi ni nchi tajiri. Uingereza, ambayo iliiweka asilimia hiyo kwenye sheria mwaka 2015, ilishuka hadi 0.5 mwaka 2021 na imetangaza kushuka hadi 0.3 ifikapo 2027. Kama lengo mmeliacha, semeni mmeliacha, ili nchi zinazopanga bajeti za chanjo kwa kutegemea ahadi hizo zijue pa kuanzia.

Kwa mawaziri wetu wa nchi zinazokopa ninalo moja pia. Chapisheni mikataba ya mikopo kabla ya kuisaini. Msituambie kwamba mkopeshaji hataki. Mkopeshaji asiyetaka walipaji wasome watakacholipa, tuna haki ya kumtilia shaka, na anayekubali sharti hilo kwa niaba yetu tunamtilia shaka pia.

Mikutano yenu ni Aprili na Oktoba. Mwaliko wa kongamano la vijana safari hii nauomba kwa namna nyingine: chukueni nafasi ile ya dakika tatu, waziri mmoja kutoka katika nchi zile sita za 2015 asimame mbele yetu aeleze kwa nini ilisema hapana, na kama leo ingesema hivyohivyo. Tutakuja na maswali yaliyoandikwa, kwa adabu, na tutakaa hadi mwisho.

Wenu,

Mwanafunzi wa takwimu, mwaka wa pili